Gogo Alilokuletea Shangazi

Baba, shikamoo.

Najua wa kuniitikia marahaba hayupo, lakini ulinilea nisianze neno na mkubwa kabla ya kumwamkia, na sioni kama kufa kumekupunguzia ukubwa. Mama yu mzima, ni magoti tu yanayomsumbua. Kazungu kaka yangu naye mzima, ingawa kuna wakati mimi na yeye tulikuwa tukipishana hapo uani kama wapangaji wasiojuana, na sababu yake utaisikia. Dada yako Sidi amekonda. Huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Watu wanasema Dama amechoma gogo la msiba wa babake kabla ya matanga ya pili. Wanasema kweli. Wengine wanaongeza kwamba nimekufukuza, kwamba nimekuzimia moto wako, kwamba ndiyo faida ya kumrudisha nyumbani binti aliyeshindwa na mume. Maneno ya watu huwa yanatiwa chumvi, nawe nataka uyapate kwangu yakiwa hayana chumvi. Siji kuomba radhi, Baba. Nakuja kukupa habari.

Nianze na bwana arusi, kwa sababu yeye ndiye aliyeshtakiwa kwanza.

Yule mbawakawa wa kijani, mwenye mgongo unaometameta kijani na dhahabu, anayetokea mvua zikianza. Jina hilo ulimpa wewe. Ulisema hakuna mdudu mwingine anayevaa namna ile siku ya kazi. Nilikuwa darasa la tatu ulipomkamata mmoja kwenye mkwaju ukamweka kwenye kola ya sare yangu, tukaenda naye shuleni siku ya wazazi. Alitulia vizuri mpaka mwalimu mkuu aliponiinamia kunisalimu, kisha akafungua mbawa akamrukia usoni. Mwalimu alipiga yowe mbele ya wazazi wote, nawe ukageuka kutazama bendera kana kwamba mtoto yule si wako. Njia nzima ya kurudi ulicheka mpaka ukakaa chini.

Na siku niliporudi kutoka kwa mume na mabegi yangu, hukuniuliza kitu. Mama alilia, Kazungu alikunja uso, wewe ukanipa panga ukasema twende tukakague mivinje yako ya nguzo. Ndipo uliponipigisha magoti mbele ya mvinje mmoja mkavu, ukakishika kidole changu ukakitia kwenye tundu. Upande mmoja wa tundu ulinyooka, upande wa pili ulipinda, mfano wa nusu mwezi.

"Hapa katoka bwana arusi," ulisema. "Mwili wake bapa, ndiyo maana mlango wake uko hivi. Lakini mti huu ulikuwa umeshakufa. Usimwone mtu anakula pilau ya matanga ukasema ndiye aliyemuua marehemu."

Nilicheka siku ile, na nilikuwa sijacheka kwa muda mrefu. Tangu hapo nikawa mwanafunzi wako. Ulinifunza kugonga nguzo kwa ubapa wa panga nikasikiliza, kunusa mahali lilipokatwa tawi, kutafuta tundu kabla ya kutaja bei. Tundu kwanza, bei baadaye, ndivyo ulivyokuwa ukisema kila mnunuzi aliposimamisha lori langoni. Nguzo yenye shaka hukuiuza. Uliikata kuni, Mama akapikia, na mivinje yako ikawa na jina kutoka Mambrui mpaka Ngomeni.

Sasa nije kwenye msiba wako. Mambo mengine ya siku zile siyakumbuki, Baba, kichwa changu kilikuwa kama kimejaa pamba. Nakumbuka kuni. Unajua kwetu hakuna anayekuja kuhani mikono mitupu, na ukuni ndio mkono wa kwanza wa rambirambi. Ndugu wa Marafa walikuja na zao, wa Ganda na zao, majirani wa Kiislamu wa Mambrui wakaleta mkaa na mchele. Moto wa wanaume uliwaka hapo uani usiku na mchana, nami nikawa najiambia kwamba maadamu unawaka basi bado hujaenda mbali.

Shangazi Sidi alifika na gogo.

Alilileta kwa pikapu kutoka Shella, anakofulia watu nguo. Katika nyumba moja anayofanyia kazi kulikuwa na mkrismasi mkubwa wa kivuli uliokauka ghafla, matawi yakaanza kuanguka juu ya ukuta, mwenye nyumba akaukata. Shangazi aliliomba shina. Wanaume walilisukuma kulishusha, naye akawa anawaelekeza kwa fimbo, akiwagombeza kama alivyokuwa akikugombeza wewe. Alikuwa amelizungushia leso yake mpya. Alisema, "Charo hapendi baridi. Hili litamfikisha."

Hapo ndipo nilipolia sawasawa. Nilikuwa nimelia kabla, lakini kwa ajili ya watu. Pale nililia kwa ajili yako.

Gogo lenyewe lilikuwa bichi ndani. Lilitoa moshi mpaka wazee wakahamisha mikeka, wakasema Sidi amewaletea tumbaku. Basi likavutwa pembeni, likawekwa kando ya mstari wa kwanza wa mivinje, watu wakawa wanalikalia. Msiba ulipoanuliwa halikuguswa. Kuni za msiba zilizobaki hazipikii nyumba, wewe mwenyewe ulikuwa mkali kwa hilo. Zinakaa pale pale zilipo mpaka matanga ya pili, ndipo zichomwe zote na watu warudi kwenye maisha yao. Mama alikuwa akipita kila asubuhi kuelekea kisimani, analishika kidogo, anaendelea. Mimi pia nililishika mara nyingi.

Mvua za vuli zilikuja na kwenda. Zilipokwisha, mivinje iliyo karibu na gogo ikaanza kugeuka rangi juu, kwenye ncha. Nilidhani ni chumvi, kwa vile kisima kilikuwa kimeshuka. Kisha mmoja ukakauka wote, ukafuata wa pili yake, na magome yakawa na madoa ya majimaji, kama mti unaotoka jasho. Wewe ulitaka tuvune ile ya mbele mwaka huu. Karo za watoto wa Kazungu zilikuwa zimesimama juu ya mivinje ile, na dawa za Mama pia.

Mvua za masika zilipoanza, bwana arusi akatokea, na kwa kuwa kulikuwa na miti inayokufa, akaja kwa wingi. Ilikuwa ni kumeta tu kwenye magome. Majirani wakaja kutazama, wakaona mti unakufa na mdudu ameketi juu yake amevaa dhahabu, hukumu ikapita hapo hapo. Watoto wakawa wanawaua kwa ndala. Kazungu akarudi kutoka Gongoni, anakoendesha trekta, akiwa na bomba mgongoni na dawa aliyouziwa kwa sifa nyingi, akainyunyizia mivinje tangu chini hadi mkono wake ulipofika. Nilimwambia huyo si mwizi. Akaniambia, "Dama, wewe na Baba mlikuwa mnacheza na wadudu. Mimi nataka miti."

Siku zilizofuata nyuki wa mzinga wako walikufa. Niliwafagia chini ya mzinga, nikawafukia. Nilimkasirikia Kazungu kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, na nimewahi kuolewa. Na miti haikuacha kufa.

Basi nikapiga magoti. Nilikwenda kwenye mvinje uliokuwa bado na kijani, nikaupapasa gome polepole kuanzia kifundo cha mti kwenda juu. Nusu mwezi haikuwepo. Kulikuwa na tundu dogo la duara, dogo hata ncha ya kalamu isingeingia, na jingine, na jingine, mti mzima umedungwa. Kwenye baadhi yake unga wa mbao ulikuwa umetokeza nje kama tambi nyembamba. Nikichonga kwa panga, mbao ndani ilikuwa imekuwa nyeusi kwa mistari. Ukaguzi wote ulionifunza hukuwahi kunionyesha kitu hicho. Niliogopa, Baba. Nilitamani kukuita uje utazame, na nikakumbuka.

Nilikata kipande nikakifunga vizuri kwenye nailoni mbili, nikaenda nacho ofisi ya misitu. Wakamtuma afisa mmoja, dada wa Kikamba anayeitwa Mwende, akaja na pikipiki na kofia kubwa. Ungempenda. Hakuanza kwa kutufundisha, alianza kwa kupapasa. Alipoona bwana arusi waliokufa chini ya miti akasikitika, akaniuliza ni nani aliyewaua, nikamwambia ni familia.

Tuliketi naye akanieleza. Yule aliyeidunga miti yetu ni mbawakawa pia, lakini mdogo kama punje ya simsim, na si wa kwetu. Ametoka ng'ambo. Wadudu wa namna hiyo, alisema, husafiri ndani ya mbao za makreti na ndani ya magogo, wanashuka bandarini bila kuulizwa na mtu. Huyu hata mbao hali. Anaingia ndani ya mti na ukungu wake, anaupanda kwenye njia alizochimba, na watoto wake wanakula ukungu. Ukungu ndio unaoziba mishipa ya mti mpaka unakauka. Nikafikiria ungesemaje kusikia kuna mdudu mkulima, na nikajua ungeuliza kama naye analipa ushuru.

Nikamuuliza mbona bwana arusi wetu miaka yote hajamaliza miti. Akasema ni kwa sababu yuko kwao. Miti ya hapa inamjua, ndege wanamjua, ana mipaka yake. Lakini wapo ndugu zake bwana arusi wa nchi nyingine waliobebwa ndani ya kuni na mbao wakafikishwa kwenye misitu ya wenyewe, wakaua miti mizima mizima isiyokuwa na habari nao, kilima baada ya kilima. Hata aliyevaa dhahabu, ukimpeleka pasipo pake, anaweza kuwa msiba.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Mama, kuna kuni zililetwa hapa kutoka mbali?"

Niligeuka nikatazama gogo, naye akafuata macho yangu. Akaenda akalibandua gome kwa kisu chake. Ndani yake kulikuwa kumedungwa kote, na tambi zile za unga zilikuwa mbichi. Kwa muda wote ule tulipokuwa tukilikalia na kulishika na kukulilia, walikuwa wakitoka humo na kwenda kwenye mivinje yako.

Mwende alisema mambo mawili ambayo sikuyapenda. La kwanza, miti iliyoshikwa ikatwe na ichomwe hapa hapa, isitoke nje ya ua hata tawi, si kwa nguzo, si kwa kuni, si kwa mkaa. La pili, gogo lichomwe haraka, kabla wengine hawajatoka.

Kuhusu la kwanza, Kazungu alikuwa na shauri lake. Kabla mimi sijajua, alikuwa amempigia simu Bwana Athumani wa Mambrui, yule mnunuzi wako wa siku zote, amwuzie mivinje ile upesi wakati bado inasimama. Lori likafika. Nilitoka nikasimama langoni na kanga yangu ya jikoni, mikono ina unga. Kazungu akaniambia nisiwe na kichwa kigumu, watoto wake hawatasomeshwa kwa tundu. Ilinichoma hiyo, maana ni kweli kwamba watoto wake nawapenda. Nikamwamkia Bwana Athumani, nikamwambia, "Nguzo hizi zina ugonjwa. Ukizipeleka Ngomeni, utakuwa umeupeleka Ngomeni." Nikampeleka kwenye gome nikamwonyesha.

Mzee alivaa miwani akatazama kwa muda. Akasema, "Marehemu asingeniita." Akamgeukia Kazungu, akampa mkono, akasema Mola atawapa badala yake, na akamwamuru dereva ageuze. Kazungu alibaki amesimama kwenye vumbi la lori. Ndipo tulipoacha kusemezana.

Hilo la kwanza lilikwisha kwa hasira. La pili lilinikosesha chakula.

Gogo lilikuwa lako. Niliwapelekea wazee habari, na wazee wakanijibu nilivyojua watajibu, kwamba moto wa msiba hauna haraka, kwamba kuni za matanga zikiguswa kabla ya siku ni kama kumwambia marehemu aondoke upesi. Kumefichwa nini kwenye gogo, wakauliza, mpaka lisingoje miezi michache? Nikawaeleza, wakanitazama kwa huruma. Mmoja alisema wadudu wa mti hawana imani, hawawezi kukiuka mila. Nilitaka kumwambia kwamba hilo hasa ndilo tatizo, asiye na imani hangojei matanga.

Ningeweza kulichoma tu asubuhi moja watu wakiwa shambani. Nilishika kiberiti, sikufichi. Lakini mwenye gogo yupo, na kulichoma mgongoni mwake ingekuwa ni kumtukana. Na kumwambia sababu ingekuwa ni kumwambia kwamba yeye, kwa mkono wake, na leso yake mpya, ndiye aliyeleta kilichoua miti ya kaka yake. Mama alinisihi nisimwambie. "Mwacheni Sidi," alisema. "Hana kitu kingine alichompa." Usingizi ulinipaa. Nikijaribu kupanga uongo wa kumwambia, naona mivinje ya upande wa bahari, ile iliyokuwa bado mizima, na uongo unakatika.

Nikaenda Shella.

Nilimkuta anaanika mashuka. Nilimwamkia, nikamsaidia kuanika mpaka beseni likaisha, ndipo nikamwambia yote, tangu tundu hadi mkrismasi. Hakunikatiza, na wewe unajua Sidi kutomkatiza mtu ni jambo la kumwita daktari. Alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akawa anakunjakunja ncha ya leso.

Mwishowe alisema, "Na mimi nililiomba. Mwenye nyumba alitaka kulitupa."

Nikamwambia, "Shangazi, hukujua. Hakuna aliyejua."

"Sijasema nilijua," akasema. Aliponyanyuka alikuwa ameshavaa uso wake wa ugomvi, nikashukuru. "Mnasema wazee wamekataa. Wazee hawakulibeba. Gogo nimelileta mimi, kwa ndugu yangu mimi. Aliyeleta ndiye awezaye kuondoa. Twende kabla jua halijawa kali."

Sikuwa nimelifikiria hilo, Baba. Wala wazee hawakuwa wamelifikiria. Tulipofika, mmoja wao alianza kusema neno, naye akamwuliza ni ukuni gani yeye alioleta siku ya msiba, mkubwa au mdogo, na mzee akakumbuka ana shughuli kwake. Kazungu alikuwa ameketi kwenye kizingiti. Aliinuka, akaleta mafuta ya taa na matawi makavu, na yeye na mimi tukalisukuma gogo hadi katikati ya uwanja, mbali na miti. Shangazi aliwasha mwenyewe. Safari hii liliwaka. Alisimama karibu nalo mpaka nikamvuta leso nikihofia itashika moto, na akawa anasema nawe kwa sauti ya chini. Nilisikia jina lako tu, mengine ni yenu.

Alikaa mpaka likawa majivu. Hapo ndipo alipolia, na Kazungu ndiye aliyemshika.

Baada ya hapo tulikata. Sitakueleza sana, maana kila mti nilijua ulivyoupanda kwa kipimo cha fimbo yako. Kazungu alishika msumeno na mimi nikashika shoka, Mwende akaja kutuonyesha iliyoshikwa na iliyo salama, tukachoma kila kitu mahali pale pale, hata vijiti. Mstari wa mbele wote umekwenda. Wa kati umebaki na mapengo. Wa upande wa bahari umesimama mzima mpaka leo, na kila nikimaliza kazi za asubuhi nautembelea. Kazungu amenunua mzinga mwingine. Hakuniambia ni wa nini, nami sikuuliza, niliuona tu umetundikwa.

Majirani wawili wamekuja kuomba niwakagulie mikorosho yao, na ya mmoja wao ilikuwa na matundu yale. Tumekwisha kuichoma. Wengine bado wanasema ni bwana arusi, na kila ninapomwona mtoto ameinua ndala ninamwita, ninampigisha magoti, ninamwonyesha tundu.

Halafu ikaja siku ya matanga yako ya pili, na hii ndiyo niliyokuwa na hamu ya kukusimulia.

Nilikwisha kutuma maneno kwa ndugu wote, kwa simu na kwa mdomo, kwamba asije mtu na ukuni. Unaweza kufikiria. Mtu aende kumwondolea matanga Charo mikono mitupu? Watu wa Marafa walisema afadhali wasije. Nikawaambia waje na vifuu vya nazi. Kifuu hakikai mdudu wa mti, kinawaka vizuri kuliko ukuni, na minazi tunayo sote. Sikuwa na hakika kwamba kuna atakayenisikiliza. Asubuhi ile nilisimama njia panda ya kuingilia kwetu tangu alfajiri, nikajitayarisha kugombana na kila shemeji.

Aliyetokea wa kwanza alikuwa Shangazi Sidi, na gunia la vifuu kichwani. Alikuwa amepita nyumba zote za Shella anazofulia, akaomba vifuu jikoni. Aliliweka chini, akasimama nami kando ya njia, na kila aliyekuja akawa anamwamkia yeye kabla ya kunifikia mimi. Wakaja na vifuu kwenye mikoba, kwenye mabeseni, kwenye mashuka. Wa Marafa wakaja pia, wamechelewa na wamenuna, lakini wamebeba. Mzee mmoja tu alikuja na ukuni wake kwapani, akasema alivyozoea ndivyo atakavyokufa. Shangazi akamchukua kwa mkono, akampeleka moja kwa moja motoni, akautia ukuni wake na kusimama naye mpaka ukaisha. Kisha akampa chai.

Moto uliwaka mpaka jioni, Baba, mweupe na bila moshi. Wazee hawakuhamisha mikeka. Msiba wako ukaisha vizuri.

Watu walipoondoka, Shangazi alikaa nami tukaosha sufuria. Akaniambia kwamba tangu siku ile ameanza kuweka vifuu kwenye kona ya chumba chake, gunia zima, na hataki mtu avipikie. Nikamuuliza ni vya nini. Akasema, "Vyangu. Siku yangu ikifika, wasihangaike, na asitokee mtu wa kuniletea gogo." Alisema hivyo akisugua sufuria, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nikamwambia bado ana miaka mingi ya kutugombeza. Akasema, "Najua, lakini niahidi."

Nimemwahidi. Na wewe nakuahidi mbele yake. Maadamu nina macho na magoti, hakuna ukuni utakaoingia kwetu wala kutoka kwetu. Mapengo nitayapanda, si mivinje mitupu safari hii, bali kwa kuchanganya, ili mmoja ukiugua yote isiugue. Na nitakwenda Shella kila nikipata nafasi, kwa sababu anajilaumu, na mtu anayejilaumu hakondi kwa njaa.

Kwaheri, Baba. Pumzika sasa. Mivinje iliyobaki nitaitunza, na dada yako nitamtunza.

Mwanao,
Dama